Nguchiro Asiyekana

Binti yangu Apiyo alirudi likizo kutoka chuo na mchezo ndani ya sanduku. Nilidhani ni drafti. Kumbe ni makaratasi, penseli, na dadu zenye pande nyingi, zimechongoka kama yale mawe wanayoyapasua kule Osiri wakitafuta dhahabu. Akatukalisha mezani, mimi, mama yake na kaka yake, akasema kila mtu ajiundie mnyama, na mnyama mwenyewe awe mhalifu. Si muuaji. Mwizi wa kuchekesha, tapeli, mpitisha magendo.

"Halafu?" nikamwuliza.

"Halafu tunapanga wizi, Baba. Mimi nasimulia, nyinyi mnasema wanyama wenu wanafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu."

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Watu siku hizi wanauziana hiyo? Mimi mchezo huo niliucheza mavumbini kwa bibi yangu, bure, na nadhani aliyetengeneza sanduku lile alikuwa bado hajazaliwa. Na niliucheza vizuri kuliko mtu yeyote kutoka Uriri hadi barabara ya lami. Nasema hivyo bila kupunguza sauti. Mimi ni mtu wa darasa la sita, na sikumaliza hata hilo la sita. Lakini nina mashine mbili za kusaga unga pale Uriri, nina duka la vifaa vya ujenzi Migori mjini, na nyumba yangu ya Oyugis ukitaka kuijua usiulize jina la mtaa, uliza paa la buluu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nyinyi wa rika langu mnaosoma haya mnajua tulivyotoka, kwa hiyo mtanivumilia nikijisifu.

Basi nikapewa karatasi. Jina. Mnyama. Kosa analotafutiwa. Ujanja wake. Udhaifu wake. Ile mistari minne ya kwanza niliijaza kabla chai haijapoa. Kwenye udhaifu nikakwama.

"Lazima awe nao," Apiyo akasema. "Mnyama bila udhaifu hachezeki."

Nikaandika: Hakani.

"Hakani nini?"

"Hakani kitu alichokisema mbele ya watu."

Kaka yake akacheka. "Mzee, mwizi asiyekana si mwizi. Huyo ni mgonjwa."

Nikaweka penseli chini. Niliyowaambia jioni ile ndiyo haya ninayoyaandika hapa, ila pale mezani kuna sehemu niliiruka.

Mama yangu alikuwa akichuuza omena, dagaa wa ziwani, Homa Bay, na mimi akaniacha kwa Dani. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Dani alikuwa mfinyanzi. Boma lake lote lilinuka udongo mbichi, ule mweusi wa kinamasi, wenye harufu ya samaki na ya mvua iliyosahaulika mahali. Mpaka leo fundi akichimba msingi wa nyumba karibu na maji, harufu hiyo ikipanda, mimi husimama. Wafanyakazi wangu hudhani nakagua kazi.

Dani aliuponda udongo pamoja na vigae vya vyungu vilivyovunjika, akaukanda kwa visigino, akainua kuta za mtungi kwa mikono mitupu. Mwisho alichukua kamba ndogo iliyosukwa, akaiviringisha shingoni mwa mtungi, na kamba ikaacha alama kama mistari ya kikapu. Mabaki ya udongo yalikuwa yetu. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu Awuor aliyenizidi miaka miwili na akili nyingi, na Otieno wa boma la jirani, ambaye alikuja kwa ajili ya mchezo akabaki kwa ajili ya uji.

Awuor ndiye aliyeanzisha. Siku ya mvua alitukatia kila mtu donge lake akasema, "Leo hatufinyangi ng'ombe. Tunafinyanga wezi."

Otieno akafinyanga Fisi, kwa sababu alipenda kula. Awuor akafinyanga Kobe, ambaye kazi yake ilikuwa kuficha mali ya wizi chini ya gamba na kuwajibu askari polepole mpaka wapate usingizi. Mimi nikafinyanga Nguchiro. Nilimpa mwili mrefu unaopita chini ya mlango wowote, na nikaiba kamba ya Dani nikamviringishia mgongoni akapata manyoya. Dani aliyaona yale manyoya. Hakusema kitu, ila kesho yake alinisukia kamba yangu mwenyewe.

Kila mnyama alipaswa kuwa na kosa lake na ujanja wake, na udhaifu tuliuachia moto. Dani alipochoma mitungi yake, akiifunika kwa nyasi kavu na mavi ya ng'ombe, wezi wetu waliingia chini ya majivu pamoja nayo. Kobe alitoka amepoteza mguu mmoja, kwa hiyo hakuweza kukimbia. Fisi alipasuka taya, kwa hiyo hakuweza kutunza siri, kila kitu kilimtoka. Nguchiro alitoka mzima. Nilimgeuza juu na chini nikitafuta ufa, sikuuona. Nikazunguka boma lote nikimwonyesha hadi mbuzi.

"Moto umemsahau tu," Awuor akasema.

Dani alikuwa na sheria moja ya kazi yake, na alituambia kila tulipotaka kurekebisha kitu kilichokwisha kuiva. "Kikiwa kibichi, kifinyange upendavyo. Kikishapita motoni, kimesema lake." Alikuwa akisema habari za vyungu. Mimi niliweka maneno hayo mahali pengine kabisa.

Maana kulikuwa na sehemu ya mchezo niliyoipenda kuliko kuiba kwenyewe, nayo ni pakruok. Asiyejua Kijaluo aelewe kwamba ni majigambo. Kwenye matanga na kwenye sherehe, mpiga nyatiti akiwa katikati ya wimbo, mtu husimama, humsimamisha, akajipaka sifa mbele ya wote: mimi ni nani, mwana wa nani, nimefanya nini ambacho hamkuweza. Akimaliza, muziki unaendelea, na yeye ameongezeka urefu. Awuor akaweka sharti kwamba hakuna mwizi anayeingia kwenye genge letu kabla hajajipaka. Otieno alipiga jerikeni, wewe unasema "simamisha," anasimamisha, unasema. Fisi alijisifu kwamba alikula harusi nzima na viti vyake. Mimi nilijisifu mpaka Otieno akalala juu ya jerikeni.

Sasa, shuleni mwalimu mkuu alifuga bata mzinga wawili, dume na jike. Huyo dume alikuwa kelele tu. Jike ndiye aliyetutesa. Alizunguka uwanja kwa hatua za mkaguzi, akidonoa mashavu ya miguu ya waliochelewa, na sisi tulimwita Naibu. Ilijulikana kwamba Naibu amewekewa siku ya wazazi, wageni wamle. Kwa hiyo genge letu likaamua kumwiba kabla. Kazi ilichukua wiki nzima. Awuor alisimulia, sisi tukasema wanyama wetu wanafanya nini, tukarusha vizibo vitano vya soda. Vitatu vikitazama juu, umepita. Fisi alishindwa mapema, akaanza kumsimulia mlinzi mpango wote. Kobe akamchelewesha mlinzi kwa salamu. Nguchiro akarusha, na vizibo vyote vitano vikatazama juu. Sijawahi kuona tena kitu kama hicho.

Ijumaa wakati wa mapumziko, chini ya tangi la maji, nikamwambia Otieno apige ndoo. Darasa la tano na la sita wakajaa.

"Simamisha," nikasema.

Akasimamisha.

"Mimi ndimi Nguchiro, mwana wa Shimo, mkwe wa Giza, ninayepita pale moshi unapokwama. Nyinyi mnamkimbia Naibu, mimi nimemfunga mdomo kwa soksi ya mwalimu mkuu. Nimembeba kichwani kama mtungi, nimepita naye mbele ya ofisi, na mwalimu mkuu amenisalimia akidhani ni mama mchota maji. Nani mwingine? Piga."

Otieno akapiga. Walinibeba juu hadi kengele ikalia.

Jumatatu Naibu hakuonekana.

Mtacheka, lakini nilikimbia nyumbani mchana bila kungoja mtu, nikaenda moja kwa moja kwenye ubao ukutani ambapo wezi wetu walikuwa wakikaa. Nikamgeuza Nguchiro. Miguuni alikuwa na tope bichi. Nilimrudisha taratibu, uso ukiwa ukutani, nikarudi shule. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa nimesema, na kilichosemwa mbele ya watu kimekwisha kuiva, nacho kimetoka usiku kimekwenda kufanya kazi yake. Niliogopa. Na nikisema ukweli, nilijiona mkubwa kuliko shule.

Jumanne kwenye paredi mwalimu mkuu aliniita mbele. Hakuwa mtu wa kwetu, alitoka mbali, na alizungumza nasi Kiswahili kilichonyooka kama rula.

"Ni wewe uliyesema umemwiba bata wangu?"

"Nilisema, mwalimu."

"Ulisema nini hasa?"

"Kwamba nimembeba kichwani kama mtungi."

Watoto wakapasuka kucheka. Akangoja wanyamaze.

"Na sasa yuko wapi?"

"Sijui, mwalimu. Nguchiro hajaniambia."

Nilichapwa, kama tulivyochapwa sote miaka ile, kisha nikatumwa kuleta mzazi. Kesho yake Dani akaja, udongo umekaukia mpaka viwiko, na kitu amekifunga kwenye leso. Aliingia ofisini, akaifungua leso mezani, juu ya vitabu vya watu. Ni Nguchiro.

"Mwalimu, mwizi yako ni huyu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Uliza yeye."

"Mama, unanichezea?"

"Sichezi. Kwetu mtu akijipaka sifa hatuendi kumshika. Tungekuwa tunashika, nani angebaki azike watu?"

Mwalimu mkuu hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Sikumchukia siku ile na simchukii leo. Alikuwa na wageni wanakuja, na nadhani alijiona ni mwenye huruma. "Bata sitaki kulipwa," akasema. "Nataka huyu anyooke. Kesho asimame kwenye paredi aseme, mimi fulani ni mwizi, naomba msamaha. Halafu arudi darasani, yaishe. Asiposema, hana nafasi hapa."

Tulirudi hadi kwenye kivuko cha mto, Dani akiwa mbele. Hapo akasimama, akamtoa Nguchiro, akamweka mkononi mwangu.

"Nyakwara, mjukuu wangu, huu ni udongo. Hautembei."

"Alikuwa na tope miguuni, Dani."

"Paa linavuja pale juu, na kuku wanalala kwenye ubao ule. Hata mimi asubuhi naamka na tope miguuni, nani ameibiwa?"

Nilimtazama yule Nguchiro muda mrefu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Kitu fulani kiliniondoka kifuani, na kabla hakijafika mbali kingine kikaingia mahali pake.

"Kwa hiyo sikuiba," nikasema.

"Hukuiba."

"Basi kwa nini niseme mimi ni mwizi?"

"Kwa sababu hayo maneno ni machache na shule ni miaka mingi," akasema. "Ijumaa si ulisema umeiba, na ulifurahi?"

"Alisema Nguchiro."

Dani akafikiri, akaingia majini. "Basi na kesho aseme Nguchiro. Wewe mwazime mdomo tu."

Nilidhani hiyo ndiyo hekima kubwa kuliko zote. Nililala vizuri. Asubuhi nikasimama mbele ya shule nzima, mikono mgongoni, nikaanza kwa sauti: "Mimi, Nguchiro, mwana wa Shimo, ni mwizi, naomba..."

"Jina lako," mwalimu mkuu akasema.

"Nguchiro," nikasema.

"Jina la rejista. Mimi nani?"

Bendera ilikuwa ikigonga mlingoti. Awuor alikuwa mstari wa nyuma, wa darasa la nane, na nilimwona akitikisa midomo bila sauti: sema, sema, sema. Otieno alikuwa akitazama viatu ambavyo hakuwa navyo. Maneno nilikuwa nayo yote, yamejipanga mdomoni. Kumpa Nguchiro makosa yote ya dunia kulikuwa raha. Lakini jina lile nilipewa na mama yangu, ndilo alilonililia nalo alipopanda gari kwenda Homa Bay, na sasa niliambiwa nilichukue nilifunge na neno mwizi mbele ya watu mia kadhaa, nami nikijua si kweli. Kikishapita motoni, hukifinyangi tena. Watu wazima walikuwa wakinisukuma niseme kana kwamba ni mchezo, na nilikuwa nimekwisha kujua kwamba huu si mchezo.

"Sisemi," nikasema.

"Nenda nyumbani. Siku utakapolikumbuka jina lako, urudi."

Nikaenda. Nilitembea katikati ya uwanja, si pembeni. Hilo napenda lijulikane.

Nikawa nachimba udongo wa Dani kinamasini. Hapo ndipo mabega yangu yalipotoka, haya yaliyobeba magunia ya saruji baadaye kabla sijamiliki duka la kuyauza. Dani hakunigombeza. Alinifundisha kuutambua udongo mzuri kwa kuung'ata, na kila Jumapili jioni alifua sare yangu na kuianika kwenye ua, asubuhi akaianua na kuikunja bila neno.

Karibu mwezi ulipita. Alasiri moja Awuor akaja mbio kutoka shule mpaka ukingoni mwa shimo, hana pumzi.

"Naibu amerudi."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye mkonge, nyuma ya vyoo vya walimu. Amekonda kama ufagio, na nyuma yake vifaranga saba. Alikuwa akilalia mayai siku zote hizo. Ametoka navyo mbele ya paredi, mwalimu mkuu akiwa anahutubia."

Tulicheka mpaka tukakaa kwenye matope. Awuor alimwigiza Naibu, akamwigiza mwalimu mkuu akimtazama Naibu, akashindwa kuendelea. Kisha akajifuta uso akasema, kwa furaha kabisa, "Ameniita ofisini. Amesema urudi Jumatatu. Amekusamehe."

"Amenisamehe nini?"

"Wewe nawe. Si unajua."

"Bata hakuibwa, Awuor. Amenisamehe nini?"

Akaanza kujifuta tope kwenye soksi.

"Mwambie nitarudi," nikasema. "Siku hiyo hiyo. Lakini asimame pale aliponisimamisha, aseme kwamba huyu mtoto nilimsingizia. Mara moja tu. Sitaki kingine."

Awuor akatazama mikono yake. Alikuwa na mtihani wa mwisho mwaka ule, na mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa akimwandikia barua za kuombea karo ya sekondari. Sote tulijua hakuna mwingine katika boma letu ambaye angefika huko.

"Nikimpelekea neno hilo, nitakufuata nyuma," akasema taratibu. "Lakini ukitaka nimpelekee, nitampelekea."

Na angempelekea. Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyo hata sasa na sare yake nyeupe ya hospitali. Nilimtazama akiwa amekaa kwenye tope na soksi zake za shule, na hapo ndipo palipo na sehemu niliyoiruka pale mezani, kwa sababu mwanangu wa kiume angeuliza kwa nini sikuenda mwenyewe, nami sina jibu isipokuwa kwamba miguu haikukubali.

"Usimwambie," nikasema.

"Nimwambie nini basi?"

"Mwambie hukunikuta."

Jumatatu sare ilikuwa imekunjwa kwenye kiti. Nilivaa nguo zangu za kazi nikaenda kinamasini. Mwalimu mkuu alihamishwa baadaye, na najua alikwenda akiamini mimi ni mtoto mkaidi niliyejificha nisiukute msamaha. Wacha aamini. Mimi sikumfuata siku ile, na hata leo akipita mbele ya duka langu nitamuuzia misumari kwa heshima na sitamfuata. Lakini kutoka kwenye lile shimo kengele ya shule ilisikika vizuri, upepo ukiwa upande wetu. Siku ile nzima, kila ilipolia, niliacha jembe, nikanyoosha mgongo, nikatazama njia ya kivukoni kama kuna mtu mzima anayekuja. Ililia ya asubuhi, ya mapumziko, ya chakula. Ilipolia ya mwisho nilitazama mpaka vumbi la watoto likatua.

Nikainama, nikachimba.